Mpwa wangu kaandikwa Mwarabu shule moja, Mwafrika shule nyingine, na mtihani umefika

Salaam wakuu. Mniwie radhi kwa makosa ya herufi. Shule niliishia primary, na hapa naandika polepole kwa kidole kimoja. Ila haya yametokea nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi.

Mimi ni security hapa Doha. Naishi Fereej Bin Mahmoud na dada yangu na mumewe, shemeji Salim. Sote ni watu wa Mombasa.

Binti yao Rukia ana miaka minane. Tangu ahamie shule mpya anarudi akilia. Wamemuweka kwenye darasa la Kiarabu la watoto wa Kiarabu, si lile la wageni, na sisi nyumbani ni Kiswahili tupu. Akifeli, anarudia mwaka.

Chanzo ni hiki. Shule ya kwanza shemeji alimwandikisha Mwarabu. Shule ya pili dada akajaza Mwafrika. Kwenye system rekodi zikagongana, shule ikashika ile ya zamani mpaka wazazi wote wawili wafike ofisi ya elimu.

Tukaenda. Nilitaka kubaki nje (mimi na maofisi hatupatani), dada akanivuta mkono.

Karani, Msudani mpole, akasema wao hawakisii kwa jina wala kwa rangi. Familia ndiyo iseme, kwa kauli moja.

Shemeji akaja juu. "Babu yangu katoka Hadhramaut. Nimkane?"

"Basi babu yako aje afanye hiyo homework!" dada akamjibu.

Karani akamuuliza shemeji kitu kirefu kwa Kiarabu.

"Aiwa, aiwa," shemeji akaitikia.

Karani akaona hajaelewa, akarudia kwa Kiingereza: nyumbani mtoto anaongea Kiarabu na nani?

Shemeji akasema, "Hana mtu."

Kumbe mtoto anaweza kuandikwa yote mawili, na lugha ya nyumbani ina sehemu yake peke yake. Wakajaza Kiswahili, shemeji akasaini. Nikadhani yameisha.

Wapi! Shule inasema mabadiliko hayajawafikia, na mtihani ni Jumapili (huku ni siku ya shule). Shemeji anapiga simu kila break. Dada hali akashiba.

Funzo nililopata: wazazi, kubalianeni kabla ya kujaza, na mjaze vilevile kila shule.

Jana Rukia kaniuliza, "Mjomba, Jumapili nakaa darasa gani?" Nikamwambia nitauliza watu.

Aliyepitia hili, naomba aniandikie hapa. Ofisi huchukua muda gani? Nitasoma zote, hata kama nitachelewa kujibu.