Anayeamua Programu Ipi Izimwe Kwanza

Saa nne asubuhi, mashine inaanza kuburuta miguu. Herufi zinachelewa kutokea kwenye kioo, taa ya diski inawaka bila kupumzika, na simu ya mezani inalia.

"Nimeona, mzee wangu," anasema Dada Seva kabla hata hajasalimiwa. "Usizime kitu. Endelea kuingiza majibu yako."

Upande wa pili ni mkuu wa maabara, anayeitwa Mzee wa Damu na hospitali nzima. Leo ana haraka. Wodi ya wazazi kuna mama anavuja damu, na kundi la damu yake ndiyo kwanza linaandikwa.

Dada Seva ni fundi wa kompyuta wa hospitali hii ya umma. Chumba chake kilikuwa stoo ya mashuka. Kina feni mbili, moja yake, moja ya mashine. Inayozunguka ni ya mashine.

"Mimi nina kipande cha boksi," anacheka, akijipepea.

Kompyuta kuu, yaani seva, ni moja tu, na idara zote zimeirukia mgongoni. Anaieleza kama anavyowaeleza wauguzi.

"Kumbukumbu yake ni meza. Kila programu inatandaza vitu vyake pale. Meza ikijaa, mashine inahamishia vingine kabatini, kwenye diski. Sasa hiyo nenda rudi ndiyo inaichosha. Na kabati likijaa, haina tena msalie mtume. Inachagua programu moja, inaizima hapo hapo, nyingine zipate kupumua."

Huchaguliwa nani? Mara nyingi, aliyetandaza vingi kuliko wenzake. Hapa ni maabara, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi. Dada Seva aliomba kumbukumbu ya kuongeza, akaambiwa fungu halipo. Mwezi uleule chumba cha mikutano kikapata televisheni pana kama mlango, ya kuonyesha chati za mkurugenzi. Chati zenyewe zinakula meza ileile.

Mwaka jana mashine iliizima maabara katikati ya kazi. Majibu yaliyokuwa hayajahifadhiwa yakapotea, na mjamzito mmoja akatolewa damu ya kupima upya huku hali ikimwendea vibaya. Alipona. Si wote hupona. Wapo waume waliotoka hospitali na mfuko wa nguo za mke tu mkononi, na hakuna mkubwa aliyewafuata hata getini.

Baada ya siku ile, Dada Seva aliipa mashine agizo: maabara isiguswe. Habari zikavuja. Kila mwenye ofisi akaja na "dada, na mimi nilinde." Wakubwa wakaamuru zote zilindwe. Aliwaambia haifai, wakamwambia afanye alichoambiwa. Meza ilipojaa, mashine ikatafuta wa kumzima, ikamkosa, ikaanguka yenyewe na kila kilichokuwamo. Aliyekaripiwa ni nani? Fundi, bila shaka.

Tangu hapo ana utaratibu wake. Anayetaka ulinzi, kwanza akasimame kwenye dirisha la maabara pamoja na wanaongoja majibu. Mhasibu alikwenda, akarudi. "Yangu iache tu, dada," alisema. Mkurugenzi hajawahi kwenda.

Leo ana wageni kutoka makao makuu. Simu haijapoa, chati zinatoweka kwenye televisheni ya mikutano. Kidogo tu, mkurugenzi huyo mlangoni, tai imepinda.

"Umenizimia?"

"Mashine imezima, bosi. Mimi ndiye niliyeipangia ianze na chati. Shikamoo."

"Marahaba. Washa sasa hivi, na uilinde."

"Nikiiwasha sasa, inazima nyingine. Nimtoe nani?"

"Mtoe yeyote!"

"Hapa hakuna anayeitwa Yeyote. Kuna maabara, kuna duka la dawa, kuna mapokezi. Nitajie mmoja, nifanye mbele yako."

Mkurugenzi anaitazama mashine, anaitazama feni.

"Nitakuhamishia masijala," anasema, na kuondoka.

Dada Seva anakumbuka simu haijakatwa.

"Mzee, bado upo?"

"Nipo, mwanangu. Nimesikia yote. Kundi limesomeka wodini, damu imeshapanda. Mama mkwe wa mgonjwa yuko hapa dirishani anacheza peke yake kwa furaha."

Dada Seva anavuta pumzi na kujinyoosha kitini kama mwenye nyumba yake. Nyumbani mumewe, fundi cherehani asiyejua kuwasha kompyuta, huwatangazia wateja kwamba mkewe ndiye anayeishikilia hospitali. Hatii chumvi.

Lakini tisho la masijala si la mchezo. Wakubwa wakimwondoa, wataleta atakayeitikia kila agizo, na maabara itarudi kuwa ya kwanza kuzimwa. Kwa hiyo jioni, baada ya zamu, amekuwa akiwafundisha Mzee wa Damu na muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi kuisoma mashine na kuupanga upya mstari wa kuzimwa. Muuguzi tayari anaweza peke yake. Mzee bado anabonyeza kwa kidole kimoja, kama anayepima uji wa moto.

"Wanihamishe wakitaka," anasema Dada Seva. "Ninachotaka ni siku moja nisije kazini, na maabara isijue kama sipo."