Kariuki Saba wa Kiganjo

Jamani, naandika hii nikiwa nimejifungia kwa choo cha ofisi.

Mimi ndiye niliandika skripti ya kunakili majina na namba za simu za wafadhili, kutoka programu ya michango hadi database yetu hapa Nyeri.

Leo imeniletea Joseph Kariuki saba. Wote wa Kiganjo. Wote wameandikishwa na Muthoni, yule husifiwa kila mkutano kwa kuleta wafadhili wapya.

Nikasema ai, huyu anatuchezea. Nikamshtaki kwa boss kwamba anabuni wafadhili.

Muthoni hakubishana. Alipigia Kariuki wa kwanza, akaweka spika.

"Kariuki gani?" mzee akacheka. "Sisi wajukuu wote tulipewa jina la guka, babu yetu!"

Na mimi mwenyewe niko na jina la cucu, nyanya yangu, pamoja na binamu watatu. Aibu gani hii!

Nikaomba msamaha. Lakini roho ikakataa kutulia.

Muthoni alipotoka kutafuta chai, nikapigia wale wengine. Watano walishika, watu wa kweli kabisa.

Simu ya Kariuki wa saba ikalia ndani ya droo ya Muthoni.

Sasa anagonga huu mlango, ananiuliza kwa upole kama nilikuwa namtafuta.

Nimjibu nini?