Kastabini

Fundi cherehani huishika klarineti, lile zumari jeusi la Kizungu, kama anavyoshika suruali ya mteja mgeni: kwa heshima, na kwa kuishuku kidogo. Namna ya kuibana midomo hakufundishwa. Miaka thelathini ya kubana pini mdomoni imemzoesha kukaza bila kuuma, na ukimuuliza jambo hukuitikia kwa pua, "Mmh," hata kama pini hazipo. Lakini juzi, kila alipoishusha sauti hadi pale mkono wa kulia unapoziba tundu, chombo kilipiga ukelele wa bata aliyekanyagwa. Mara ya tisa akakilaza mapajani. "Mwalimu, mwanangu, vidole hivi vimezeeka. Chukua tu chombo chako."

Mwalimu, binti wa rika la kitindamimba wake, alikuwa ameikodolea macho midomo ya fundi tangu somo lianze. "Mara moja tu, baba." Fundi akapuliza, na kabla ya ukelele mwalimu akasikia kitu kikigonga: tik. Akashusha macho. Kidole cha kati cha mkono wa kulia wa fundi kilikuwa bado kimevaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano.

Fundi akaivua, akapuliza. Sauti ikatoka nzito, nzima, naye akaishikilia hadi pumzi ikamwishia. Kisha akaitazama kastabini kiganjani.

"Kumbe muda wote huu," akasema, "nilikuwa kazini."