Uji wa Ngendo Siku ya Mavuno

Ngendo aliporudi Gitothua kutoka kizuizini, mwezi wa Juni mwaka wa hamsini na nane, mtoto wake alimkimbia.

Hakumlaumu. Alikuwa amemwacha angali wa mgongoni, na sasa alikuwa na miaka mitano. Jina lake Wamboi, jina la nyanyake, mamaye Kagwe mume wa Ngendo, kama ilivyo kwetu binti wa kwanza. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na akina Wamboi wawili, huyu mdogo, na yule mkubwa ambaye watu walimwita kwa jina lake la ubatizo, Magdalene. Kagwe mwenyewe alikuwa bado kambini, na siku ya kutoka aliijua Mungu peke yake.

Magdalene hakumfukuza mke wa mwanawe. Alimpa mahali pa kulala na blanketi, akamwonyesha mtungi wa maji ulipo. Lakini jioni ile ile alimwambia neno moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba.

"Mtoto hatakula kutoka mkononi mwako. Mwanangu alilishwa kiapo akapotea. Huyu mmoja niachie."

Ngendo alijibu, "Sawa, mama." Angesema nini? Kiapo cha wapiganaji wa msituni alikuwa amekila, na amekitubu. Lakini toba ni kitu cha ndani, na mama mkwe haoni ndani.

Basi akawa anateka maji, anakwenda kuchuma kahawa, anarudi kukaa upande wake wa meko akimtazama binti yake akilishwa na mwingine. Siku moja alichoma kiazi kitamu, akakiacha juu ya jiwe la meko bila kusema kitu. Wamboi alikitazama kile kiazi, akamtazama nyanyake, kisha akaweka mikono yake miwili nyuma ya mgongo. Ngendo aliinuka akaenda nje kuangalia mbuzi, ingawa mbuzi hawakuwa na shida yoyote.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho cha kumsaidia, nacho ni barua. Mama mmoja wa Kizungu aliyewafundisha kushona kule kizuizini alikuwa amemwandikia kwa wazee wa kanisa, kuwathibitishia kwamba ametubu. Mwezi wa Julai wazee wakamwita. Magdalene naye akaitwa, kwa maana ndiye aliyekaa na Ngendo nyumba moja.

Gerishon, mwalimu wa shule na katibu wa wazee, ndiye aliyesoma. Kiingereza alikuwa nacho, na alipenda kionekane. Alipofika mwisho wa barua alitabasamu, akasema hapa mama huyu ametumia msemo wa kwao, kwamba uthibitisho uko ndani ya pudingi. Akaeleza kwamba pudingi ni chakula chao kitamu, na maana ya msemo ni kuwa uthibitisho wote umo ndani ya barua hii. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Barua imeandikwa vizuri, ina sahihi, basi mambo yameisha.

Magdalene alisema barua haijawahi kumlisha mtoto.

Ngendo akaomba ruhusa ya kusema, ingawa si kazi ndogo kumsahihisha mwalimu mbele ya wazee.

Msemo ule aliujua. Kabla ya taabu zile alikuwa msaidizi jikoni kwa memsahibu mmoja wa shamba la kahawa, katikati ya Ruiru na Thika. Wageni walipokuja wakaisifu pudingi kabla ya kushika kijiko, memsahibu alikuwa akiwaambia jambo, wanacheka, ndipo wanakula. Ngendo alimwuliza mpishi mkubwa, mzee Kimeu wa Ukambani, wanachekea nini. Kimeu akamweleza huku akifuta sahani. Pudingi inaweza kung'aa juu kama kioo na ndani haijaiva. Kwa hiyo wanasema uthibitisho wake ni kuila. Wengi huukata msemo huo, Kimeu alisema, hata Wazungu wenyewe, wanasema uko ndani ya pudingi, na ukisemwa hivyo hauna maana, kwa sababu ndani ya pudingi kuna mayai na maziwa tu. Akamalizia kwa maneno ya watu wa pwani, uhondo wa ngoma uingie ucheze.

"Mwalimu, nisamehe," Ngendo alisema. "Msemo huo mwisho wake ni kula. Huyo mama hakusema mniamini kwa karatasi. Amesema mnionje. Jumapili ya mavuno nipeni nipike uji, mnywe, ndipo mjue."

Mzee mmoja alicheka, akamwambia Gerishon kwamba leo mwalimu amerudishwa darasa la kwanza. Gerishon aliikunja barua polepole. Hakuwa mtu mbaya, akacheka naye pia, ingawa kidogo. Wakakubali.

Siku tatu kabla ya mavuno Ngendo aliloweka mawele, akayasaga kwenye jiwe mpaka magoti yakamwuma, akayaacha mpaka yakachacha vizuri. Alisaga akiomba. Hakuomba mambo makubwa. Aliomba mtoto anywe.

Jumapili ikafika, ibada ikaisha, watu wakakaa kwenye nyasi kando ya kanisa, na ndizi na maboga ya sadaka yakiwa yamepangwa mlangoni. Ngendo alichota kata ya kwanza, akaifuta ukingo, akaipeleka kwa mikono miwili kwa mama mkwe wake, kama heshima inavyotaka. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akasimama.

Watu waliokuwa wameshika vibuyu tayari wakavishusha.

Kwa maana kwetu mtu hampi mwenzake uji kabla hajapiga funda yeye mwenyewe mbele ya macho yake. Ndivyo unavyomwambia kwamba hamna kitu humu. Mtoto mdogo analijua jambo hilo. Na katika miaka ile ya viapo na hofu, ndiyo zaidi. Ngendo alikuwa amesahau funda.

Mwanamke mmoja nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Hata mwenyewe hauonji." Mama mwingine akamvuta mtoto wake karibu.

Hapo ndipo Ngendo alipojua. Angeweza kunyoosha mkono aombe ile kata, anywe, lakini funda la kuchelewa ni la nini? Mtu akinywa baada ya kushukiwa, anakunywa kwa woga. Alibaki amesimama pale, visigino pamoja, mikono nyuma ya mgongo, macho chini.

Magdalene alimtazama. Alimtazama muda mrefu, na kata imetulia mikononi mwake. Alikuwa amechuma kahawa kwenye shamba lile lile la memsahibu miaka mingi, na mara nyingi akipita karibu na nyumba kubwa alikuwa akiwaona watumishi barazani wakati Wazungu wanakula. Walisimama hivi hivi. Huko mtumishi akigusa kikombe cha mgeni kwa mdomo wake, siku hiyo hiyo anafunga mzigo wake aende. Tena mikono ile nyuma ya mgongo alikuwa ameiona nyumbani kwake, kwa mtoto mbele ya kiazi.

"Ngendo," akamwita. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu arudi. "Umesimama kama uko kwa Mzungu. Hapa ni kwetu."

Kisha akainua kata, na kabla mtu hajasema neno akapiga funda, si dogo, koo lake likionekana likishuka na kupanda. Akafuta mdomo kwa kiganja.

"Umechacha vizuri," alisema. "Njoo unywe, mwanangu, halafu umpe mtoto. Mpe wewe."

Ngendo alipiga magoti kwenye nyasi. Alikunywa funda lake, na machozi yakaingia humo humo kwenye kata. Halafu akaielekeza kwa Wamboi. Mtoto alimtazama nyanyake. Nyanyake alikuwa ameangalia pembeni kwa makusudi, anahesabu maboga. Basi Wamboi akaitoa mikono yake nyuma, akaishika kata pamoja na mikono ya mama yake, akanywa, akakunja uso wote kwa ukali wa uji ule.

"Ni mkali," akasema. Akanywa tena.

Watu wakacheka, wakaanza kusogea na vibuyu vyao. Gerishon alikunywa vitatu, na alipoleta cha nne Ngendo alimwuliza kama bado hajathibitisha. Mwalimu akasema msemo ni mrefu, haufai kukatwa.

Chungu kiliisha mapema. Wakati wa kurudi nyumbani Magdalene alitangulia na kapu lake, na nyuma yake Ngendo, na mgongoni mwa Ngendo Wamboi, ambaye alikuwa mkubwa mno kubebwa, na hakuna aliyesema hivyo.