Mlango Niliopaka Rangi Nyekundu

Leo fundi amefungua mkebe wa rangi ya mafuta sebuleni kwangu, na harufu yake ikanirudisha Diani, kwenye nyumba aliyokuwa akifanya usafi mama yangu.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa Kichina aliyefiwa na mumewe kabla hawajamaliza kuitengeneza. Mafundi walisimamishwa, wakaacha mikebe barazani.

"Mpaka siku mia za msiba zipite, hakuna kupaka rangi," alituambia. "Wala kitu chekundu kisionekane. Kwetu nyekundu ni ya furaha."

Mimi nilishika neno furaha tu. Alipokwenda sokoni, nikachukua brashi nikaupaka mlango wa mbele nyekundu, hadi mkono wangu ulipofika.

Aliporudi hakupiga kelele. Alipiga magoti akaanza kuufuta kwa upindo wa nguo yake nyeupe ya kufiwa, huku akisema na mumewe kwa lugha yao, kama anayemwomba radhi.

Mama aliviona vidole vyangu, akanisukuma nyuma yake. "Nimekosa mimi, dada. Niwie radhi."

"Wewe? Na nilikueleza!" Akaendelea kufuta. "Kuanzia kesho usije."

Nami nikavificha vidole nyuma ya mgongo.

Nyumbani mama alinisugua vidole kwa mafuta ya taa, taratibu, akiniuliza kama ninaumia.