Sahani ya Papa

Juzi, hapa ugenini Evere, mjukuu wangu aliangalia kwenye televisheni wale wezi wa Uingereza ya kale, wanaoibia matajiri porini na kugawia maskini. Mimi nilisimuliwa habari yao na sista wa shule, kule kwetu Likasi, nikiwa mdogo.

Mchana mmoja nilikuta nyumba inanuka sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyoungua, mama anapiga kelele: "Papa yako ni mwizi! Amebeba vitenge vyangu vyote!"

Nikaona fahari. Nikafunika sahani ya bukari, ule ugali wa papa, baba yangu, nikaketi barabarani, maana maskini wa karibu kabisa tulikuwa sisi.

"Unangoja nani, mutoto?" jirani akauliza.

"Papa. Anakuja kugawa."

Akaenda zake bila kucheka.

Leo najua vitenge vilivaliwa na mwanamke mwingine wa papa, mjini Kolwezi. Jioni ile mama alikuja, akafunua sahani.

"Kula wewe. Kuanzia leo hatumuwekei mutu."