Kioo cha Bi Zuwena

Siku za kazi Bi Zuwena huendesha basi; siku za harusi hushika kisanduku. Ndiye somo wa Wazanzibari wa Woolwich, Landani, mwanamke wa kumfunda bibi harusi na kumpamba, na mkono mwepesi kama wake haujaonekana.

Kisanduku ni cha Kifaransa, cha kale. Bibi fulani wa kitajiri alitengenezewa ili asafiri na manukato yake. Mbao zake nyeusi zimetiwa njumu: majani ya shaba, maua ya gamba la chaza. Bi Zuwena alikikuta sokoni Walthamstow, kwa Praful, muuza vitu vikuukuu.

"Vichupa vyake vitupu, mama," Praful alimwonya.

"Vitupu ndivyo nivitakavyo."

Leo kwenye vichupa vya manukato mna marashi ya mawaridi, palipokuwa na poda pana liwa ya msandali, na kijaluba cha sabuni kimejaa udi.

Jumamosi aliyokwenda kwa Ilham, bibi harusi wa siku hiyo, kisanduku kilimwelemea. Marehemu mama yake Ilham, rafikiye wa chanda na pete, alimwachia amana: "Mwanangu umpambe wewe." Na Ilham hataki. Amezaliwa Landani; Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza, na asubuhi ile Kiingereza chake kilikuwa kifupi: atajipamba mwenyewe.

"Jipambe, mwanangu," alisema Bi Zuwena. "Mie nakaa tu. Miguu imechoka na breki."

Akakifungua kisanduku mezani, asiguse kitu. Harufu ya liwa ikatambaa chumbani. Ilham akaweka simu chini, akasogea, akapitisha kidole juu ya ua la chaza, kisha akakivuta kioo kilichofichwa ndani ya kifuniko. Kilikuwa na madoa ya uzee. Kilimpa nusu ya uso.

"Sijioni," akasema kwa Kiingereza.

"Hicho kizee, macho yake yamekwisha. Ndiyo maana mtu akawa na somo. Leo huna kazi ya kujiona. Yupo wa kukuona."

Ilham alicheka, kicheko kikamkatikia njiani. Akainamia penye liwa.

"Hii harufu ya mama," alisema. Kwa Kiswahili.

"Ndiyo yake. Kaa."

Akakaa. Bi Zuwena akachovya vidole, vile vile vya kugeuza usukani, akaanza na paji la uso, polepole, kama fundi anayelaza njumu yake ya mwisho.

"Nimekuwaje, somo?"

"Tulia, mwanangu. Kituo bado."